Fazi Haipendi Joto la Moshi

Fazi ya jemaniamu, yaani pedali ya kupasua sauti ya gita yenye transista zilizotengenezwa kwa jemaniamu, ikiwa Arusha mwezi wa saba na ikiwa Moshi mwezi wa pili si kitu kimoja. Saketi ni ileile, betri ileile, gita lilelile, lakini ukiikanyaga unapata sauti nyingine. Arusha imekaa juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba watu hawavui makoti mpaka saa nne asubuhi. Moshi iko chini ya mita 1,000, na mwezi wa pili, masika yakiwa bado, jua la pale halina utani. Kati ya miji hii miwili ni kilomita 80 hivi, safari ya kosta tu, lakini zinatosha kabisa kuzibadilisha tabia transista mbili, vile vidude vya ndani vinavyokuza umeme.

Programu inayoiga pedali hiyohiyo haina habari. Iwe Ngarenaro au Majengo, baridi au joto, inakupa kilekile ulichokihifadhi. Mimi napiga na vyote viwili, sina kambi, na kila nikikaa na wapiga gita wenzangu mabishano ni hayohayo: huyu anasema ya dijitali ni plastiki, yule anasema anayesikia tofauti anajidanganya. Naona wote wanabishania mahali pasipo na tatizo. Sauti imeshaigwa, tena imeigwa vizuri sana. Kilichobaki kigumu ni namna pedali inavyoshikamana na gita lenyewe, na hicho hukisikii ukiwa umekaa pembeni unasikiliza. Unakisikia ukiwa umelishika gita.

Kwa asiye mpigaji nieleze kidogo. Gita la umeme hutoa wimbi dogo lenye milima na mabonde laini. Fazi hulichukua wimbi hilo ikalikuza kupita uwezo wa transista zake, mpaka vilele vya ile milima vikakatwa bapa. Kinachotoka ni sauti nzito yenye mikwaruzo, inayodumu muda mrefu. Ukipiga waya zote sita kwa pamoja inakuwa fujo, ukipiga noti moja inajaza ukumbi. Muziki wetu wa dansi haukuihitaji sana, maana gita la solo lilitakiwa kila noti isikike peke yake. Majirani zetu wa Zambia ndio walioipenda kweli. Miaka ya 1970 bendi kama WITCH na Amanaz ziliijaza kwenye rekodi zao, ndio huo muziki unaoitwa Zamrock, na mpaka leo ukiusikiliza fazi ndiyo inayokufikia kwanza.

Chanzo cha pedali ya fazi kilikuwa ubovu wa mashine. Kwenye wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, uliorekodiwa Nashville, Marekani, Grady Martin alikuwa akipiga besi, chaneli ya miksa ikaharibika na sauti ikatoka imepasuka. Waliiacha hivyohivyo. Fundi mitambo aliyekuwepo, Glenn Snoddy, baadaye akashiriki kutengeneza kisanduku cha transista cha kuitoa sauti ile makusudi, na kampuni ya magita ya Gibson ikakiuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Sasa sikia walivyokinadi: kwamba gita lako litalia tarumbeta, litalia tuba, litalia selo. Yaani fazi yenyewe, hii ambayo leo watu wanaitetea kuwa ndiyo halisi dhidi ya uigaji, iliingia sokoni ikiwa mwigaji. Hata Keith Richards alipoitumia mwaka 1965 kwenye ule wimbo wa Rolling Stones uliozunguka dunia, alikuwa anashikilia tu nafasi ambayo vyombo vya kupuliza vingeingia baadaye. Havikuingia. Kila nikiona pikapu la matarumbeta likiongoza msafara wa harusi pale Moshi, nawaza kwamba wale Wamarekani wangefaulu kweli kwenye tangazo lao, vijana hawa leo wangekuwa hawana kazi.

Ninayoizungumzia mimi ni Fuzz Face, iliyotoka London mwaka 1966 kwa kampuni ya Arbiter, ile ya duara iliyochukua umbo la kitako cha stendi ya maikrofoni, na ambayo mpiga gita Jimi Hendrix ndiye aliyeifanya ijulikane. Sina ile ya Arbiter. Bei yake ni ya kiwanja. Yangu imetengenezwa na fundi redio wa hapa Arusha, ndani ya boksi la chuma la umeme, lile linalozikwa ukutani kushika swichi. Saketi yake unaweza kuichora nyuma ya risiti: transista 2, rezista 4, kapasita 3 na nobu 2. Vitu 11, basi, na katika hivyo 11 viwili ndivyo vinavyosumbua.

Fundi huyu ana kopo la maziwa ya unga lililojaa transista alizong'oa kwenye redio za miaka ya 1960 na 1970. Tulikuwa tunatafuta AC128, kidude cha bati chenye miguu mitatu kilichotumika sana kusukuma spika za redio za wakati ule. Akazimwaga mezani, akawa anapima moja moja.

"Hii inavuja, dogo."

"Na hiyo nyingine, mzee?"

"Nayo inavuja. Jemaniamu zote zinavuja. Tunatafuta inayovuja kwa adabu."

Kuvuja maana yake ni umeme kupita kwenye transista hata pale inapotakiwa iwe imefunga. Akanionyesha kwa mita. Transista imelala mezani, imeshikwa na klipu, namba zimetulia. Akaigusa kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, hakufanya kingine chochote, na namba zikaanza kupanda. Joto la vidole tu. Akaiachia, akaipuliza, zikashuka taratibu lakini hazikurudi zote mara moja. Chuma kilikuwa bado kinakumbuka. Kwa kukadiria, uvujaji wa jemaniamu huongezeka mara mbili kila joto likipanda nyuzijoto 10 hivi. Toka kwenye usiku wa nyuzijoto 15 Arusha, uende kwenye alasiri ya nyuzijoto 35 chini ya turubai Moshi, na uvujaji umeshafika mara nne. Silikoni, inayotumika kwenye transista nyingi za leo, nayo inavuja, ila kidogo mno kiasi kwamba kwenye pedali hakuna anayejali.

Alichagua ya kwanza yenye ukuzaji wa mara 70 hivi na ya pili yenye mara 120 hivi, vipimo ambavyo watengenezaji wengi wa pedali hii huvifuata, halafu akacheza na rezista mpaka mguu wa kolekta wa ile ya pili, ule unaotoa sauti, ukasoma volti 4.5, nusu ya betri. Hapo ndipo fazi inapoimba. Joto likipanda, volti hizo zinahama kutoka katikati. Ukisikia noti haififii vizuri mwishoni bali inakatika ghafla, inatematema, ujue zimeshahama.

Tulikuwa na harusi Moshi, mwezi wa pili, ukumbi wa turubai. Vyombo vilipangwa mchana na pedali ikabaki pale mbele ya jukwaa, jua likaizunguka mpaka likaifikia. Alasiri MC akatuita. Nikaikanyaga, ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Mpiga besi wetu ni mzaliwa wa Rau, hakushangaa hata kidogo.

"Kaka, iweke kwenye deli."

"Deli lipi?"

"La soda. Itie kwanza kwenye bakuli lenye mfuniko, isilowe."

Ikakaa na soda wakati tunapiga nyimbo za kuingiza maharusi, ambazo hazitaki fazi. Nilipoitoa ilikuwa na ubaridi wa kushtua mkono, na ikaimba. Iliimba vizuri kwa muda, kisha ikaanza tena mafua yake. Mpaka leo kwenye bendi, nikiomba kitu chochote, jibu ni kwamba kiko kwenye deli.

Sasa tuje kwa mwigaji. Njia za kuiga ni nyingi lakini mbili ndizo zinazohesabika siku hizi. Ya kwanza inaiandika saketi yenyewe kwa hesabu: kila rezista, kila kapasita, kila transista na mkunjo wake, kisha kompyuta inazifanya hesabu hizo mara 48,000 kwa sekunde au zaidi. Ya pili haihitaji kujua ndani ya pedali kuna nini. Unapitisha sauti ya majaribio ya dakika chache, unarekodi kinachotoka upande wa pili, kisha mtandao wa neva bandia unajifunza namna kinachoingia kinavyogeuka kuwa kinachotoka. Wapigaji wanaita kunasa. Programu ya bure iitwayo Neural Amp Modeler, iliyoanzishwa na Steven Atkinson, ndiyo iliyowafungulia mlango watu wasio na fedha za Kemper wala Quad Cortex, vifaa ghali vya kunasa. Kupiga nayo laptopu ya kawaida inatosha. Kazi nzito ya kujifunza unaweza kuituma kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti, ukaenda kula, ukarudi ukaikuta imeisha.

Kunasa kuna udhaifu wake: kwa kawaida unanasa hali moja. Nobu ziko hapa, betri iko hivi, joto ni hili. Kwangu udhaifu huo umegeuka msaada. Niliinasa fazi yangu usiku wa mwezi wa saba, madirisha wazi, baridi ya Meru inaingia chumbani, transista zimetulia kabisa. Kwa hiyo nikienda Moshi kipindi cha joto, laptopu imebeba usiku ule wa Arusha na jua halina la kuufanya. Sauti yake nimeilinganisha na pedali mara nyingi, volyumu ya gita ikiwa mwisho, na sioni aibu kusema kwamba masikio yangu hayatofautishi.

Ucheleweshaji nao watu wanaukuza bure. Bafa ya sampuli 128, yaani vipande vya sauti ambavyo kompyuta huvikusanya kabla ya kuvifanyia kazi, kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 2.7 hivi; jumlisha kuingia, kutoka na kugeuza, umefika mahali pa mtu aliyesimama mita mbili tatu kutoka kwenye spika yake. Nani hajapiga hivyo jukwaani?

Hapo ningekuwa nimemaliza, kama isingekuwa volyumu ya gita.

Chukua gita lenye pikapu (vinasa-mtetemo vilivyo chini ya waya) za koili moja, lichomeke moja kwa moja kwenye Fuzz Face, nobu ya fazi iwe mwisho, volyumu ya gita iwe 10. Unapata ukuta. Sasa kwa kidole kidogo, bila kuacha kupiga, rudisha volyumu mpaka 7 au 6. Ukuta unaondoka, na nyuma yake kuna sauti safi inayong'aa, kali kidogo juu, safi kuliko hata gita lilivyokuwa bila pedali. Anayepiga fazi kwa muda mrefu huishi kwenye sauti hiyo. Fazi kamili ni ya solo tu. Mimi naweza kupiga rhumba wimbo mzima pedali ikiwa imewashwa, kila noti inasikika, mtu aliye mbele yangu hajui kuna fazi; solo ikifika nazungusha kidole, na pedali siigusi. Kati ya 6 na 10 kuna ngazi nyingi, na kila ngazi ina rangi yake. Noti ukiigusa polepole kwenye 8 inatoka safi, ukiipiga kwa nguvu inapasuka. Hilo si jambo la kusimuliwa. Mkono ndio unaolijua.

Sababu yake ni kwamba pikapu na pedali hii ni saketi moja. Ampu ya kawaida huwa na ukinzani wa megaohmu 1 mlangoni, yaani kilohomu 1,000, haisumbui gita. Fuzz Face ina kilohomu chache tu. Na pikapu ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, wenye ukinzani wake wa kilohomu 6 hivi na uindukivu (tabia ya koili ya kuyazuia masafa ya juu) wa henri 2 au 3. Koili ya namna hiyo ikibanwa na mlango wenye ukinzani mdogo, masafa ya juu yanazama. Ukipiga hesabu unakuta mteremko umeanza kwenye hezi 900 hivi. Ndiyo maana fazi inatoka nene badala ya kukwaruza masikio. Ukirudisha volyumu unaweka makumi ya kilohomu katikati yao. Koili haibanwi tena, masafa ya juu yanarudi, na papo hapo umeme unaofika kwenye transista umepungua, zinaacha kukata vilele. Nobu moja, kazi mbili kwa mpigo.

Weka bafa katikati (si ile ya sampuli, bali kisaketi kinachotenganisha gita na pedali), hata iwe ile ya pedali ya kutyunia, na uhusiano huo umekwisha. Fazi inakuwa kali, nyembamba, na volyumu inapunguza kelele tu. Sasa jiulize kila kifaa cha dijitali kinaanza na nini. Bafa! Sauti inaingia kwenye mlango wa megaohmu 1, inageuzwa namba, na fazi iliyoandikwa mle ndani, hata ikiwa imeandikwa kwa usahihi wa ajabu, inapokea pikapu ambayo haijabanwa na mtu. Watengenezaji wanalijua hili vizuri. Helix ya Line 6, kifaa cha dijitali cha kuiga pedali na ampu, ina mpangilio wa kubadilisha ukinzani wa mlango wake, na ukiuacha ujichagulie unafuata pedali iliyo mbele kwenye foleni. Axe-Fx ya Fractal nayo ina mpango wa namna hiyo. Nimewahi kupiga Helix ya rafiki mmoja wa Njiro, nikaweka fazi ya kwanza, nikarudisha volyumu, na ule mng'aro ulikuja. Haukuja wote, lakini ulikuja, na nilimrudishia kifaa chake kwa shingo upande.

Kwenye kunasa fundi alibuni njia. Mbinu yenyewe si ngeni, wapenzi wa kujitengenezea pedali wanaitumia: kati ya saundi kadi na fazi tuliweka transfoma ndogo iliyong'olewa redioni, pamoja na rezista, ili fazi ione koili mbele yake na si mlango wa mashine. Bila hiyo, tulichonasa kilikuwa kikali mpaka kinauma. Tulipoiweka, unene ukaja, na ndiyo ile sauti ninayosema siwezi kuitofautisha. Lakini rudisha volyumu ya gita uone. Unene ule umeshachomelewa ndani ya kilichonaswa, hautoki. Kelele zinapungua, mpasuko unapungua, unene unabaki palepale. Mng'aro haupo, kwa sababu kwenye namba zile hakuna koili ya kuachiliwa.

Ndiyo maana mitihani mingi ya kufumba macho haininyimi usingizi. Mtu anarekodi gita kavu, rekodi hiyohiyo anaipitisha kwenye pedali halisi na kwenye programu, kisha anakuuliza ipi ni ipi. Anasema ni haki kwa sababu mpigo ni mmoja. Lakini gita halipo tena pale! Pedali imelishwa rekodi kutoka kwenye mlango wa mashine, imenyimwa kitu kilekile ilichokuja nacho, halafu tunashangaa wamelingana. Nipe gita mkononi, nifunge kitambaa, niachie volyumu, na nitakuambia kabla wimbo haujafika kiitikio. Ukiishikilia volyumu kwenye 10 kwa gundi, umenishinda.

Kuna kasoro nyingine, hii ni ya dijitali yenyewe na inataka sikio la karibu. Fazi huzalisha hamoniki (sauti za juu ambazo ni hezi za noti yenyewe mara 2, mara 3 na kuendelea) nyingi mno, nyingine mbali kabisa juu ya usikivu wa binadamu. Kompyuta inayokwenda kwa sampuli 48,000 haiwezi kushika kitu kilicho juu ya hezi 24,000, na kinachozidi hapo hakipotei: kinakunjika na kurudi chini. Chukua noti ya hezi 880, waya wa kwanza, freti ya 17. Hamoniki yake ya 40 ni hezi 35,200. Ikikunjika inatua kwenye 12,800, mahali ambapo noti hiyo haina hamoniki yoyote. Noti ikiwa imetulia utadhani ni ukungu tu. Ila uvute waya. Noti inapanda, na vile vivuli vinashuka. Unasikia mluzi mwembamba unateremka wakati wewe unapandisha, na ukishausikia siku moja utausikia kila siku. Programu nzuri hufanya hesabu zake kwa kasi mara 4 au 8 zaidi kisha ndipo irudi chini, na mluzi unafifia mpaka huupati. Niliyoijaribu kwenye simu ilikuwa na mluzi wa kutosha kuita mbwa.

Haya, nisionekane natetea vya kale. Fazi ya jemaniamu ni usumbufu. Transista zake nyingi ni za PNP, aina inayotaka umeme kwa mwelekeo wa kinyume, kwa hiyo ardhi yake (waya wa pamoja wa saketi) iko upande wa chanya, kinyume na pedali nyingine nyingi. Ukiiunganisha nazo kwenye adapta moja umetengeneza shoti. Inakula betri yake peke yake, ingawa inakula kidogo mno, na betri ya bei poa ya dukani inaipenda kuliko zile za gharama. Ina kelele. Waya ukiwa mrefu na mnara wa redio ukiwa karibu, ukuzaji wake unaigeuza redio: kwenye mazoezi ya kwaya mtangazaji aliwahi kupenya kwenye spika kati ya ubeti na kiitikio, na wanakwaya wote wakanigeukia mimi. Na ikifa, AC128 yenye adabu huipati kwenye duka lolote pale Soko Kuu. Unarudi kwenye kopo la maziwa.

Kijana mmoja wa Sakina ninayemfundisha anapiga kwa simu na kikadi cha kuchomekea gita, fazi yake ni ya programu, na hajawahi kuigusa volyumu ya gita lake tangu alinunue. Kwake hakuna kilichopungua. Nilimpa gita langu na pedali, nikamwambia arudishe volyumu. Akacheka, akarudisha, akapandisha, akarudisha. "Kumbe hii nobu ina kazi, bro," akasema. Wiki iliyofuata alikuwa amerudi kwenye simu, na sikumlaumu. Kwa fedha ya pedali na ampu nzuri angelipa ada ya muhula. Na kwenye harusi, kupitia spika zilizotundikwa kwenye nguzo, mashemeji wakicheza na MC akiita watu waje na zawadi, hakuna atakayejua ulipiga nini. Fundi mitambo anataka laini moja safi isiyo na kelele, na ya dijitali inampa.

Kama unataka fazi ya kweli bila mambo ya hali ya hewa, chukua ya silikoni. Fuzz Face zenyewe zilihamia huko mapema, kwenye BC108 na ndugu zake, na hizo zinakwenda Moshi na kurudi bila malalamiko. Ni kali zaidi, na zinarudi safi kwa volyumu ingawa si kwa ulaini uleule. Big Muff ya Electro-Harmonix, iliyotoka New York mwaka 1969, ni ukoo mwingine: transista 4 za silikoni, diodi za kukata vilele, na mlango usiolibana gita kwa kiasi kile. Haina mazungumzo marefu na volyumu. Kwa sababu hiyohiyo ndiyo fazi inayoigwa vizuri kuliko zote, na kwa Big Muff mimi sioni haja ya kununua chuma. Programu inatosha. Najua wapo watakaonitukana kwa sentensi hiyo, na wanitukane tu.

Kwa sasa mpangilio wangu uko hivi. Nikipiga Arusha, gita linaingia kwenye fazi ya fundi kwanza, hakuna kitu katikati, kisha multi-efekti inashika mwangwi na mengine. Nikienda Moshi kuanzia mwezi wa kwanza hadi mvua zianze, naenda na laptopu na ule usiku wa mwezi wa saba, napiga kwa volyumu 10, na sehemu safi nazipata kwa kuizima fazi kwa mguu. Mpiga besi ameshaniambia nichomelee feni ndogo ndani ya boksi. Fundi yeye anataka kuitoa ile rezista ya kolekta aweke nobu ndogo pembeni, ili nirudishe volti katikati kila zikihama. Watengenezaji wengi wameshafanya hivyo, na kuna hata programu zilizoiga nobu hiyo, jambo ambalo naona ni kichekesho, kwa kuwa ndani ya programu hakuna jua la kuikimbia.

Wale mnaoniuliza mnaweza kuijaribu wapi, njooni mazoezini, lakini kila mtu aje na gita lake, na nobu ya volyumu iwe inazunguka, isiwe imeganda kwa kutu. Na ukibahatika kupata ya kwako: ukimaliza kupiga, chomoa waya wa gita kwenye pedali. Jeki ya kuingilia ndiyo swichi ya betri. Ukiuacha umechomekwa usiku kucha, betri inaendelea kuliwa hata kama hujakanyaga.